Raha Inayofundishwa: Historia ya Kupenda Kunyanyua Vyuma Uingereza na Marekani, 1889–1951

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi kunyanyua vyuma kulivyoacha kuwa tamasha la kutazamwa na kuwa zoezi ambalo watu wa kawaida walilifanya kwa hiari na kulifurahia. Kwa kutumia mkabala wa Howard Becker kuhusu raha inayojifunzwa, makala yanafuatilia jukwaa la Eugen Sandow, biashara ya vyuma vya Alan Calvert, ufuo wa Santa Monica, na wodi za majeruhi wa vita alizozihudumia daktari Thomas DeLorme. Hoja kuu ni kwamba raha ya kunyanyua vyuma haikuzaliwa na mtu wala haikutoka ndani ya chuma. Ilijengwa na mambo matatu: mzigo unaoongezeka kidogo kidogo, kipimo kinachoonyesha maendeleo, na wenzi wanaomfundisha mgeni maana ya anachokihisi.

1.0 Utangulizi

Kunyanyua vyuma ni kazi ngumu isiyozalisha kitu. Mzigo ukishapandishwa hurudishwa pale pale ulipotoka. Hakuna gunia lililofika ghalani wala tofali lililopanda ukutani. Kwa sehemu kubwa ya historia, kubeba vizito kumekuwa fungu la hamali, mtumwa na mkulima, na aliyeweza kukwepa kazi hiyo aliikwepa. Hata hivyo, katika muda usiozidi miaka 150, watu wengi katika miji ya dunia wamefikia hatua ya kulipa ada ili waruhusiwe kubeba mizigo ambayo hakuna aliyewatuma kuibeba, na wakikosa siku mbili hujihisi wamepungukiwa. Badiliko hili linahitaji maelezo ya kihistoria.

Maelezo mawili hutolewa mara kwa mara. La kwanza ni la kibayolojia: kwamba mwili unapofanya kazi nzito hutoa kemikali zinazoleta hisia ya furaha. La pili ni la mwonekano: kwamba watu hupenda vyuma kwa sababu hutamani kuwa watu wa miraba minne. Yote mawili yana ukweli, lakini hayatoshi. Kemia ya mwili haikubadilika kati ya 1850 na 1950, ilhali idadi ya waliopenda vyuma ilibadilika sana. Kisichobadilika hakiwezi peke yake kueleza kilichobadilika. Mwonekano nao huja baada ya miezi. Hauwezi kueleza kinachomfanya mgeni arudi juma la pili, wakati misuli inamuuma na kioo hakijamwonyesha lolote.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Makala haya yanaongozwa na utafiti wa mwanasosholojia wa Marekani, Howard Becker, uliochapishwa mwaka 1953. Becker aliwahoji watumiaji 50 wa bangi na kugundua kwamba wengi hawakufurahia mara ya kwanza. Ilibidi mtumiaji ajifunze mambo matatu kutoka kwa waliomtangulia: namna ya kutumia, namna ya kuzitambua athari, na namna ya kuzihesabu athari hizo kuwa ni raha. Aliyekosa hatua moja kati ya hizo hakuendelea. Kwa Becker, basi, hamu haikutangulia kitendo, ilitokana nacho.

Mkabala huu unafaa kuhamishiwa kwenye vyuma, ingawa tabia zenyewe hazifanani. Anayenyanyua chuma kwa mara ya kwanza hupata pumzi fupi, mikono inayotetemeka na maumivu ya siku ya pili. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni raha kwa asili yake. Lazima ajifunze kushika na kupandisha, kutofautisha uchovu unaojenga na maumivu yanayoharibu, kisha auone uchovu huo kuwa ni dalili njema. Hata hivyo, kunyanyua vyuma kuna jambo ambalo Becker hakukutana nalo: namba. Mzigo unaweza kupimwa, na jana inaweza kulinganishwa na leo. Kwa sababu hiyo, uchambuzi unaofuata unaangalia walimu waliofundisha raha hiyo pamoja na vifaa vilivyoiwezesha.

3.0 Kutoka Kutazama hadi Kutenda

Fahari ya nguvu ni ya kale. Huko Olympia, Ugiriki, lilipatikana jiwe la karne ya 6 K.K. lenye uzito wa kilo 143.5 na maandishi yanayodai kwamba mtu aitwaye Bybon alilirusha juu ya kichwa chake kwa mkono mmoja. Lakini jiwe la Bybon lilikuwa la Bybon. Lilichongwa maandishi ili wengine washangae, si ili wajaribu. Hali hiyo ndiyo iliyotawala pia katika kumbi za burudani za Ulaya ya karne ya 19, ambako wababe walinyanyua vyuma vizito mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio na kurudi nyumbani na miili yao ile ile.

Eugen Sandow, aliyezaliwa Königsberg, Prussia, mwaka 1867, aliingia kwenye umaarufu kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1889 alimshinda mbabe aliyejulikana kama Sampson jijini London, na mwaka 1893 alivuta umati Chicago wakati wa Maonesho ya Dunia. Lililomtofautisha na wenzake ni hatua iliyofuata. Mwaka 1897 alifungua taasisi ya mazoezi London, na mwaka 1898 akaanzisha jarida. Mtazamaji aligeuzwa kuwa mwanafunzi. Katika mafunzo yake Sandow alitumia zaidi dambeli, yaani vyuma vidogo vya mkono mmoja, tena vyepesi, ambavyo karani au mwalimu wa shule angeweza kuvitumia chumbani kwake. Pamoja na dambeli alisambaza majedwali ya mazoezi na ya vipimo vya mwili, ili msomaji apime kifua, mkono na paja na kuandika matokeo.

Kwa lugha ya Becker, utepe wa kupimia ulikuwa chombo cha kumfundisha mtu kutambua athari ambazo macho yake yasingeziona. Kilele chake kilikuwa shindano la tarehe 14 Septemba 1901 katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Washindani hawakuwa wababe wa jukwaani, bali wanafunzi wa mfumo huo. Mwandishi Arthur Conan Doyle alikuwa miongoni mwa waamuzi, na mshindi alikuwa William Murray wa Nottingham. Hata hivyo, raha aliyoifundisha Sandow ilibaki zaidi ya kuutazama mwili kuliko ya kuunyanyua mzigo wenyewe. Dambeli nyepesi haikuwa na pa kukua.

4.0 Chuma Kinachoongezeka

Tatizo hilo lilihitaji suluhisho la kiufundi. Vyuma vizito vya wababe vilikuwa na uzito mmoja usiobadilika. Mgeni aliyeshindwa kukinyanyua chuma cha namna hiyo hakuwa na njia ya kukifikia. Aliyekiweza hakuwa na njia ya kukipita. Kati ya dambeli ya kilo mbili na chuma cha kilo hamsini hapakuwa na ngazi.

Mwaka 1902 Alan Calvert alianzisha kampuni ya Milo Bar-Bell huko Philadelphia, Marekani. Aliuza vyuma virefu vya mikono miwili ambavyo uzito wake uliweza kuongezwa au kupunguzwa, na akavisindikiza na maelekezo ya mazoezi. Jina alilolichagua lilibeba hoja yake. Milo wa Croton, mpiganaji wa mieleka wa Ugiriki ya kale, husimuliwa kwamba alimbeba ndama kila siku hadi ndama akawa fahali, na nguvu za Milo zikakua pamoja naye. Kisa hicho ni ngano, lakini kina kanuni ambayo Waswahili huieleza kwa kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Calvert aliigeuza kanuni hiyo kuwa bidhaa iliyosafirishwa kwa posta.

Athari ya badiliko hili kwa raha ya mnyanyuaji ni kubwa kuliko inavyoonekana. Chuma kinachoongezeka humruhusu mtu dhaifu kuanza mahali anapoweza kufaulu, kisha humpa jaribio jipya lililo juu kidogo tu ya uwezo wake. Kufaulu hakumsubiri tena mbabe mwishoni mwa miaka. Kunamjia mtu wa kawaida kila baada ya siku chache. Mwanasaikolojia Albert Bandura, akiandika mwaka 1977, alieleza kwamba chanzo chenye nguvu zaidi cha imani ya mtu katika uwezo wake ni kufaulu kwa vitendo, kuliko kutiwa moyo kwa maneno. Chuma cha Calvert kilikuwa kifaa cha kuzalisha mafanikio hayo madogo.

5.0 Hofu ya Misuli na Nafasi ya Wenzi

Chuma kilipopatikana, hofu ilibaki. Walimu wengi wa michezo wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 waliamini kwamba vyuma humfanya mtu awe mgumu, mzito na asiyeweza kujikunja. Mtu aliyeamini hivyo angeusoma uchovu wake kama dalili ya madhara, na kwa hiyo hatua ya tatu ya Becker isingetimia.

Mwaka 1940 katika chuo cha Springfield, Massachusetts, mfanyabiashara wa vyuma Bob Hoffman alifika na wanyanyuaji wake kufanya maonesho mbele ya Peter Karpovich, mtafiti aliyekuwa na shaka hiyo. Karpovich alimtaka mtunisha misuli John Grimek ajikune mgongoni, katikati ya mabega. Grimek alijikuna bila shida, na katika maonesho hayo akakaa msamba, miguu ikinyooka sakafuni pande mbili. Karpovich hakuishia kushangaa. Mwaka 1951 yeye na mwenzake, William Zorbas, walichapisha utafiti uliowalinganisha wanaume 300 wanyanyuaji na 300 wasionyanyua katika kasi ya kuzungusha mkono. Wanyanyuaji ndio waliokuwa wepesi zaidi. Hofu iliyodumu kwa miongo ilipata jibu la kipimo.

Kwa wanawake hofu ilikuwa mara mbili, kwa kuwa waliambiwa pia kwamba vyuma vingewageuza wanaume. Hapa jibu halikuanza maabara. Lilianza ufukweni Santa Monica, California, mahali palipojulikana kama Muscle Beach, ambapo tangu miaka ya 1930 vijana wa kike na wa kiume walifanya sarakasi na kunyanyua vyuma hadharani. Abbye Stockton, aliyekuwa mfanyakazi wa simu, alianza na dambeli alizoletewa na rafiki yake Les, ambaye baadaye alikuwa mumewe. Kuanzia 1944 aliandika safu ya wanawake katika jarida la Strength & Health, na mwaka 1947 alisaidia kuandaa shindano la wanawake la kunyanyua vyuma lililopata kibali rasmi nchini Marekani. Msomaji wa safu yake alipata kitu ambacho jedwali la Sandow halikuweza kumpa: mwanamke mwenzake aliyekwisha kupita njia hiyo, na aliyeweza kumwambia kwamba anachokihisi ni cha kawaida. Njia ya rasmi ilikuwa ndefu zaidi. Wanawake waliingia katika unyanyuaji wa Olimpiki Sydney mwaka 2000 tu, miaka 104 baada ya wanaume kushindana Athens.

6.0 Wodini

Jaribio gumu zaidi la hoja hii linapatikana mahali ambapo hakuna aliyekuja kwa kupenda. Kufikia 1944 hospitali za jeshi la Marekani zilijaa majeruhi wenye mifupa na magoti yaliyoharibika. Tiba ya kawaida iliwataka warudie harakati nyepesi mara nyingi sana. Misuli ilirudi polepole, na vitanda havikupungua.

Thomas DeLorme, daktari kijana katika hospitali ya Gardiner jijini Chicago, alikuwa amejijenga kwa vyuma baada ya ugonjwa wa utotoni. Aliamua kuwapa majeruhi mizigo mizito. Katika makala yake ya 1945 alieleza kwamba mzigo mzito kwa marudio machache hujenga nguvu, na mzigo mwepesi kwa marudio mengi hujenga ustahimilivu. Mgonjwa mwenye goti bovu alivalishwa kiatu cha chuma kilichofungwa uzito, akanyoosha mguu kwa mafungu ya mara kumi kumi. Kila juma uwezo wake ulipimwa upya, na mzigo ukapandishwa kulingana na kipimo hicho. Kufikia 1948 DeLorme na mwenzake, Arthur Watkins, walikuwa wamepunguza kazi hiyo hadi mafungu matatu: la kwanza kwa nusu ya mzigo, la pili kwa robo tatu, la tatu kwa mzigo kamili. Jina nalo lilibadilika. Mazoezi ya “upinzani mzito” yakaitwa mazoezi ya “upinzani unaoongezeka”.

Mabadiliko hayo ya jina yanastahili kuzingatiwa. Neno la kwanza linamwambia mgonjwa atakachokibeba. La pili linamwambia anakokwenda. Katika wodi ya DeLorme vitu vyote vitatu vilikutana: mzigo wenye ngazi, namba ya kila juma, na mwalimu aliyeipitia njia hiyo kwa mwili wake. Mtu aliyepoteza imani na mguu wake hakutakiwa kuamini maneno. Alitakiwa kunyoosha goti, kisha kulinganisha.

7.0 Hitimisho

Ushahidi uliopitiwa unaonyesha kwamba kupenda vyuma ni matokeo ya kuvinyanyua katika mazingira fulani, zaidi ya kuwa sababu yake. Sandow alifundisha kupima, Calvert akatengeneza ngazi, Stockton akawa mwenzi aliyetangulia, na DeLorme akaviunganisha vyote kwa watu ambao hawakuchagua kuwa hapo.

Mambo hayo matatu hayana uzito sawa kila mahali. Katika mitaa mingi ya miji ya Afrika Mashariki vijana hutengeneza vyuma vyao kwa kumimina saruji ndani ya makopo na kuyaunganisha kwa bomba. Chuma cha namna hiyo, kama vile vya wababe wa karne ya 19, hakiongezeki. Kutoka kopo dogo hadi kubwa ni mruko. Hata hivyo vijana hurudi jioni baada ya jioni. Pengo la ngazi huzibwa na wenzi: mmoja hunyanyua, mwingine huhesabu, wa tatu husimama nyuma tayari kupokea mzigo, na hesabu ya marudio huchukua nafasi ya hesabu ya kilo. Hali hii inadokeza kwamba kati ya vitu vitatu, wenzi ndio wanaoweza kufidia upungufu wa vingine kwa urahisi zaidi.

Matokeo haya yana maana kwa mwalimu wa michezo na kwa mtoa tiba ya viungo. Mwanafunzi au mgonjwa anayeacha baada ya juma moja huhesabiwa kuwa mvivu au asiye na moyo. Historia inaelekeza swali kwingine: je, alipewa mzigo anaouweza, alionyeshwa alichoongeza, na alikuwapo mtu wa kumweleza kwamba maumivu ya siku ya pili hayakuwa onyo? Pale majibu matatu yalipokuwa ndiyo, hata askari aliyelala na goti lililovunjika alikuwa na sababu ya kusubiri kipimo cha juma lililofuata.