PINK FLOYD: WAIJUE BENDI AMBAYO WIMBO WAKE ULIPIGWA MARUFUKU NA MAKABURU

Ukitaja roki ya Waingereza hapa kwetu, wengi tunaishia kwa Freddie Mercury wa Queen, kwa vile kazaliwa Unguja mwaka 1946 na tunamhesabu wa nyumbani. Sawa. Ila leo nawaletea Pink Floyd, maana kila ule wimbo wao wa shule ukipigwa hakosi mtu wa kusema "hawa ndio wanaowaambia watoto shule haina maana". Mimi nakataa, na sababu nitazitoa huko mbele.

Kwanza historia. Bendi ilianza London mwaka 1965. Roger Waters (besi), Nick Mason (dramu) na Richard Wright (kinanda) walikuwa wanafunzi wa usanifu majengo. Syd Barrett alikuwa mchoraji kutoka Cambridge, na mwanzoni yeye ndiye aliyekuwa akiimba, akipiga gitaa na kutunga karibu kila kitu. Jina la bendi pia ni lake: aliunganisha majina ya wapiga blues wawili weusi wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council. Kwa hiyo ukisikia mtu anauliza "huyo Pink ni yupi kati yao", mwambie hayupo.

Albamu ya kwanza ilitoka 1967 na mambo yakawa mazuri, lakini Barrett akaanza kuchanganyikiwa, na yale madawa ya LSD aliyokuwa akitumia hayakumsaidia hata kidogo. Mapema 1968 wakamwingiza David Gilmour kwenye gitaa, na kufikia Aprili mwaka huo Barrett hayumo tena.

Sasa hii roki wanayoiita ya progresivu ni nini? Kwa ufupi ni roki iliyokataa kubanwa na dakika tatu za redio. Wimbo wao wa "Echoes" (albamu ya Meddle, 1971) una dakika 23 na umejaza upande mzima wa santuri. Kwa mtu anayelipia kompyuta kwa saa, hapo wimbo mmoja umeshakula karibu nusu saa yako! Lakini usiuruke. Unaanza na mlio mmoja wa piano kama tone la maji, na ukifika katikati utadhani umeingia pangoni.

Tuje kwenye The Dark Side of the Moon, 1973. Hii ndiyo iliyowatajirisha. Ilikaa kwenye chati ya albamu 200 za Marekani jumla ya wiki 741 kati ya 1973 na 1988, si mchezo. Inazungumzia muda unavyokimbia, pesa, kifo na wazimu, mambo ambayo hata mtu wa Manzese anayajua bila kufundishwa. Wimbo wa "Money" unaanza na milio ya sarafu na mashine ya kaunta ya duka. Hawakuwa na kompyuta ya kufanyia hayo, walirekodi kila mlio, wakakata vipande vya kanda na kuviunganisha vizunguke. Halafu jaribu kuupigia makofi ukihesabu hadi nne, utapotea. Hesabu hadi saba.

Kwenye albamu hiyo hiyo kuna dada anaitwa Clare Torry, ambaye katika "The Great Gig in the Sky" anaimba bila maneno yoyote, ni sauti tu, na nywele zinasimama. Alilipwa pauni 30 za kazi ya siku, basi. Mwaka 2004 akaenda mahakamani kudai kwamba ule mdundo wa sauti aliutunga yeye, na 2005 wakamalizana nje ya mahakama, jina lake likawekwa kwenye watunzi. Wasanii wetu wanaoingia studio kuimba kiitikio bila kuandikishana waisome aya hii mara mbili.

Wish You Were Here (1975) ina wimbo mrefu wa kumkumbuka Barrett. Tarehe 5 Juni 1975 wakiwa studio Abbey Road aliingia jamaa mnene, kanyoa nywele hadi nyusi, na wenyewe hawakumtambua. Alikuwa Barrett mwenyewe. Kufuatia hapo Animals (1977), na hapa aliyesoma Shamba la Wanyama, ile tafsiri ya Kawegere, atajisikia yuko nyumbani: mbwa, nguruwe na kondoo. Tofauti ni kwamba Orwell alikuwa anawasema wakomunisti wa Stalin, Waters kawageuzia kibao mabepari wa kwao Uingereza.

Haya, The Wall, Novemba 1979. Baba yake Waters aliuawa vitani Anzio, Italia, mwaka 1944, mtoto akiwa na miezi mitano. Kwenye albamu kuna mhusika anayejijengea ukuta kichwani, na kila aliyemuumiza ni tofali: vita, mama, mwalimu. Mwalimu anayesemwa ni yule wa kudhalilisha watoto mbele ya wenzao. Waliowahi kukutana na mwalimu wa aina hiyo hawahitaji maelezo.

Walioimba kiitikio ni watoto wa shule ya Islington Green, London. Shule ilipewa pauni 1,000, watoto wenyewe hawakulipwa hela, na wimbo ukawa namba moja Uingereza. Walikuja kudai mirabaha yao 2004 wakiwa watu wazima. Yaani wimbo wa kutetea watoto, watoto wakaachwa solemba. Hilo sitalitetea.

Mwaka 1980 wanafunzi wa Cape, Afrika Kusini, waligomea masomo kupinga elimu duni waliyopewa kwa sababu ya rangi zao, wakawa wanaimba wimbo huu. Mwezi Mei serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Sasa fikirini: wale vijana waliichukia shule? Walikuwa wanataka shule kama ya watoto wa kizungu! Miaka minne nyuma yake wenzao wa Soweto walipigwa risasi kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Wao waliuelewa wimbo vizuri kuliko wanaousema vijiweni.

Baada ya hapo ni ugomvi. Wright alifukuzwa wakati wa kurekodi The Wall, Waters akaondoka 1985, wakafikishana kwa wanasheria kugombea jina. Wanne hao walipanda jukwaa pamoja tena 2 Julai 2005 kwenye Live 8, Hyde Park. Barrett alifariki 2006, Wright 2008, kwa hiyo habari ya kurudiana ikaishia hapo.

Kwa anayeanza: chukua Wish You Were Here kwanza, ni laini. Kisha Dark Side, kwa hedfoni, toka mwanzo hadi mwisho bila kurukaruka maana nyimbo zimeungana. The Wall iache ya mwisho, ni santuri mbili zilizojaa hasira, ukianza nayo utadhani jamaa hawa hawakuwahi kucheka.