Matuta ya Uluguru na bomba la Tegeta



Katika nchi hii kila mlima ukiungua, habari ya kwanza ni moto na habari ya pili ni fulana. Oktoba 2020 uliungua Kilimanjaro. Moto ulianzia eneo la Whona tarehe 11, na TANAPA ikaja kutangaza kwamba eneo lililoungua ni kilomita za mraba 95.5. Mikasa ya namna hii ndiyo huzileta kampuni mlimani: fulana zenye nembo, miche kwenye viriba, meneja kashika jembe huku anaangalia kamera. Mimi ni mwandishi wa gazeti, habari hizo nimeziandika zaidi ya mara moja, na kusema kweli huwa zinajiandika zenyewe. Swali ambalo huwa tunaliacha ofisini ni hili: nani anabaki pale kuulinda ule mche msimu wa kiangazi unaofuata, moto ukirudi?

Na moto hurudi. Mtafiti Andreas Hemp aliandika mwaka 2005 kwamba pale Kilimanjaro moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita tangu 1976, na kwamba hasara hiyo ni kubwa kuliko ile ya kuyeyuka kwa barafu ambayo dunia nzima inaililia. Msitu ule hukamata maji ya ukungu. Barafu inapigwa picha, msitu unanyweshea watu.

Lakini leo sitaki kubaki Kilimanjaro. Nataka twende kwenye mlima unaotunywesha sisi wa Dar, kwa sababu huko kuna kisa cha kampuni mbili za mjini hapa zilizojaribu kitu tofauti na fulana. Kisa chenyewe hakieleweki bila kurudi nyuma zaidi ya miaka 50, kwa hiyo nivumilieni.

Ukiwa Tegeta, Boko au Bunju, maji ya bomba yanatoka mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa 1976. Ukiwa Kimara au Kibamba, ni Ruvu Juu pale Mlandizi, wa mwaka 1959. Temeke wana Mtoni yao kwenye Mto Kizinga, na visima vingi. Lakini mzigo mkubwa wa jiji unabebwa na Ruvu, na Ruvu unaanzia milima ya Uluguru, Morogoro. Watu wengi tunapita chini ya milima ile kwenye basi la kwenda Iringa, tunanunua machungwa dirishani, basi.

Wajerumani walishaona umuhimu wake. Mwaka 1909 waliutangaza msitu wa juu kuwa hifadhi. Chini ya mstari wa hifadhi wakabaki Waluguru na mashamba yao kwenye miteremko ambayo ukiteleza unaweza kushukia shamba la jirani. Mkulima wa huko hana trekta. Ana jembe, panga na kiberiti. Kiangazi anafyeka, anachoma, anasubiri mvua, na majivu ni mbolea ya bure. Ubaya ni kwamba moto wa shamba haujui mstari wa Mjerumani uko wapi. Unapanda, unakula ukingo wa msitu. Kisha inakuja mvua kubwa kwenye udongo mtupu, na Ruvu unashuka ukiwa mwekundu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza wakaamua kulimaliza tatizo hilo kwa amri. Kuanzia mwaka 1950 hivi wakaendesha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, ndugu wa mipango mingine kama ile ya Usambara na Usukuma. Kuchoma moto marufuku. Kulima kando ya vijito marufuku. Na kila mtu achimbe matuta ya ngazi shambani kwake, asiyechimba apigwe faini. Hakuna aliyelipwa hata senti kwa kazi hiyo, na sehemu nyingi udongo wa Uluguru ni mwembamba: ukichimba ngazi unaufukia ule mzuri na kuufunua ule usiozaa kitu. Kwa hiyo mtu alikuwa anatoka jasho ili avune kidogo kuliko mwaka jana. Wewe ungekubali?

Hawakukubali. Julai 1955, TANU ikiwa imetimiza mwaka mmoja tu tangu kuzaliwa, watu walikusanyika Matombo, vurugu zikazuka, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa mwaka ule ule. Roland Young na Henry Fosbrooke waliuandikia kitabu kilichotoka 1960, na toleo la Marekani likapewa jina Smoke in the Hills, yaani moshi milimani. Sijui kama walikuwa wanafikiria moshi wa siasa au wa mashamba, ila jina limekaa vizuri kwa yote mawili.

Nusu karne ikapita. Watafiti wakilinganisha hali ya 1955 na ya 2001 walikuta msitu wa asili wa Uluguru umepungua kutoka kilomita za mraba kama 300 hadi kama 230. Sisemi ni kwa sababu matuta yalikataliwa, maana watu waliongezeka na ardhi haikuongezeka. Ninachosema ni kwamba bakora haikuokoa msitu, na kuachiwa tu hakukuuokoa pia.

Hapo ndipo wanaingia watu wa Dar. Mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalianza kuandaa mradi wa kuwalipa wakulima wa kata ya Kibungo Juu, kwenye kijito cha Mfizigo kinachoingia Ruvu, si mbali na Matombo ile ile. Vijiji ni Kibungo, Lanzi, Dimilo, Lukenge na Nyingwa. Wazo lilikuwa la kibiashara kabisa. Tope likizidi mtoni, mtambo wa maji unatumia dawa nyingi zaidi kusafisha. Sasa badala ya kununua dawa, kwa nini usimlipe mkulima ili tope lisishuke? Wanunuzi waliokubali ni DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji jijini wakati huo (mwaka 2018 iliunganishwa na DAWASA), na Coca-Cola Kwanza, wenye kiwanda Mikocheni, Kinondoni. Ukifikiri vizuri soda ni maji yenye sukari na gesi, kwa hiyo mwenye kiwanda cha soda ana sababu ya kuulizia afya ya mto.

Hati za makubaliano zikasainiwa. Mkulima alilipwa kwa ukubwa wa eneo na aina ya kazi aliyofanya: kupanda miti, kuchanganya miti na mazao, kuotesha mikanda ya nyasi, kuchimba fanya juu. Na kuchimba matuta ya ngazi!

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Ni ngazi zile zile, upande ule ule wa mlima. Mwaka 1955 mtu aliuawa katika vurugu za kuzipinga. Miaka ya 2008 na kuendelea mamia ya watu walijiandikisha wenyewe kuzichimba. Udongo ulikuwa ule ule na mteremko ule ule. Safari hii yalikuwepo makubaliano, samadi, ushauri, na mtu wa mjini aliyekubali kwamba kazi ya mkulima ina bei.

Lakini nisiipambe sana. Ngazi ni kazi ngumu ya miezi na faida yake huchelewa, kwa hiyo mwenye nguvu kazi na akiba ndiye aliyeweza kuingia kwa urahisi. Mjane mwenye robo eka alikuwa na hesabu nyingine. Halafu kuna suala la ukoo: kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo upande wa mama, na anayepanda mti kwenye shamba la kuazima anaweza kuonekana anataka kulimiliki. Na zaidi ya yote ulikuwa mradi wa majaribio wa miaka michache, uliobebwa na mashirika ya nje, juu ya mto unaobeba jiji la mamilioni. Mti wa msituni unahitaji miongo. Bajeti ya kampuni inaisha Desemba.

Oktoba 2022 Ruvu ulishuka, na uzalishaji wa maji ukaanguka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi kama milioni 300. Mgao ukatangazwa. Maboza yakawa wafalme, madumu yakapanga foleni Mbagala hadi Bunju. Na lawama zikaenda wapi? Juu ya mto, kwa wakulima na wafugaji, kwa lugha ambayo afisa wa mwaka 1952 angeielewa bila mkalimani: waondolewe, wakamatwe. Sikusikia mtu akiitaja Kibungo Juu.

Novemba mwaka huo huo serikali ilisaini mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda, hukohuko Morogoro, la kuhifadhi lita bilioni 190. Bwawa tunalihitaji, sibishani. Ila udongo unaoshuka kutoka kwenye mashamba yaliyochomwa utatua humo, na gharama za kuuzuia kule juu sijaziona kwenye bili ya maji.

Kama kuna mdau anayetoka Matombo au Kibungo, ambaye babu au bibi yake aliishi yale ya 1955 na mjomba wake alilipwa na mradi, naomba aniandikie. Nataka kujua walipokaa jioni waliambiana nini kuhusu zile ngazi.