Watu wa Igloolik na Hadisi Zao katika Sinema

Mbali upande wa kaskazini wa Kanada, katika nchi ya barafu, kuna kisiwa kiitwacho Igloolik. Wenyeji wake ni Wainuiti, kama watu 2,000 tu, na lugha yao ni Inuktitut. Tangu zamani ni wawindaji wa baharini. Wakati wa baridi kuu jua halionekani kwa majuma mengi, na katika usiku huo mrefu wazee waliwasimulia watoto hadisi.

Mwaka 1972 Kanada ilirusha angani satelaiti yake Anik, na televisheni ikaanza kufika vijiji vya kaskazini. Watu wa Igloolik walipiga kura mwaka 1975, wakaikataa. Mwaka 1979 wakaulizwa tena, wakakataa tena. Mtu asidhani kwamba waliogopa mashine! Sababu yao ilikuwa wazi: televisheni ile haikusema lugha yao. Kama ingeingia nyumbani, watoto wangemwacha bibi na hadisi zake, wakasikiliza Kiingereza tangu asubuhi hata usiku. Walikubali mwaka 1983, wakati Wainuiti walipokuwa wamekwisha kupata shirika lao wenyewe la kutangaza, lililoundwa mwaka 1981.

Hadisi zao zilikuwa zimekwisha kuingia katika sinema kwa mikono ya wageni. Mwaka 1974 Caroline Leaf alitengeneza sinema fupi juu ya bundi aliyemwoa bata bukini. Aliichora kwa mchanga juu ya kioo chenye taa chini yake, akiusogeza kidogo na kupiga picha, tena na tena. Wakati wa kuhama ulipofika bundi alimfuata mkewe, akazama majini, maana si ndege wa maji. Sauti zinazosikika ni za Wainuiti. Ni kazi njema. Huku kwetu Kongo nako, katika miaka ya 1950, Padri Alexandre Van den Heuvel alitengeneza sinema fupi za michoro juu ya Mboloko, yule paa mdogo mwerevu tunayemjua sote. Lakini huko na huku, mwenye kuamua hadisi ianzie wapi na iishie wapi alikuwa mgeni.

Zacharias Kunuk wa Igloolik alikuwa mchonga sanamu. Mwaka 1981 aliuza sanamu zake, akanunua kamera ya video. Mwaka 1990 yeye na wenzake wakaanzisha kampuni ya Isuma, neno lenye maana ya kufikiri. Mwaka 2021 akatoa sinema ya vikaragosi, Angakusajaujuq, ya dakika 20 hivi. Msichana anayejifunza uganga aitwa pamoja na bibi yake kumtazama kijana mgonjwa, nao washuka chini ya ardhi kumwuliza Kannaaluk, Yule wa Chini, asili ya ugonjwa.

Hapa sisi makatekista twapaswa kusema kweli. Dini ilipofika kwa Wainuiti, uganga ulikatazwa, na hadisi nyingi zilizofungamana nao zikanyamazishwa pamoja nao. Kukataza uganga ni jambo moja. Kumnyamazisha bibi ni jingine, na twaona haya mawili yalichanganywa kwa haraka mno.

Mwaka huohuo sinema hiyo ilipata tuzo la wahakiki huko Annecy, Ufaransa. Maneno yake ni Inuktitut mwanzo hata mwisho, na mgeni asiyeielewa husoma tafsiri chini ya picha.