MENO, UBOHO NA SHINGO: ELIMU YA MWILI WA MNYAMA KATIKA FIQHI NA HISTORIA

Idi ya kuchinja inapokaribia, mtu wa Mchafukoge au Kariakoo hununua mbuzi wake kwa macho na kwa mfuko. Akiwa manene na bei inavumilika, biashara imekwisha. Wachache ndio wanaomfungua mdomo. Na mdomoni ndiko iliko hukumu.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, mbuzi wa udh-hiya awe thaniyy, yaani aliyetimiza miaka miwili. Jina lenyewe limetokana na thanaya, meno ya mbele ya katikati. Mbuzi, kama ng'ombe na kondoo, hana meno ya mbele juu. Ana manane chini tu, na hubadilika jozi kwa jozi kutoka katikati kwenda pembeni. Jozi ya kwanza ya utu uzima huota mbuzi akiwa na mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hivi, na ya pili akiikaribia miaka miwili. Basi muuzaji akikuonesha meno mawili makubwa na kukuapia kwamba huyu katimiza miaka miwili, huenda meno hayo hayo yakamkadhibisha. (Kwa Mahanafi, ambao hatuwakosi miongoni mwa Waislamu wenye asili ya Bara Hindi mtaani kwetu, mwaka mmoja wa mbuzi unatosha.)

Tuingie ndani zaidi ya meno. Katika hadithi ya al-Baraa bin Azib (r.a), Mtume (s.a.w) alitaja wanyama wanne wasiofaa kwa udh-hiya: chongo aliye wazi, mgonjwa aliye wazi, kiguru aliye wazi, na aliyekonda hata hana uboho. Kwa nini uboho ukatajwa, na si nyama wala mafuta ya mgongoni? Daktari wa mifugo analo jibu. Mnyama mwenye njaa au maradhi ya muda mrefu hula akiba ya mwili wake kwa mpangilio: kwanza mafuta ya chini ya ngozi, kisha ya kuzunguka figo na moyo, na mwisho kabisa mafuta ya ndani ya mifupa. Uboho wake hugeuka majimaji kama utelezi. Mkaguzi wa nyama akivunja mfupa akaukuta hivyo, anajua kwamba mnyama huyu alikwisha kabla ya kisu. Hadithi imetaja ukomo wenyewe wa kukonda.

Na shingo je? Kila mwanafunzi wa chuo cha Qur'ani anahifadhi kwamba wajibu wa kuchinja kwa Shafi ni kukata hulqum, ambayo ni njia ya pumzi, na marii, njia ya chakula. Na kwamba mishipa miwili ya damu ya pembeni, wadajayn, ni sunna kuikata. Maimamu wengine wamezipanga njia hizi nne kwa namna nyingine. Ikhtilafu hiyo yote ni mazungumzo ya watu waliojua kilichomo ndani ya shingo. Wangapi kati yetu tunaofundisha mlango huu tumewahi kuyaona marii kwa macho, yalivyojificha nyuma ya hulqum?

Waliotutangulia hawakuitenga elimu hii. Ibn Akhi Hizam, msimamizi wa farasi katika zama za Abbasiya, karne ya 3 Hijria, aliandika juu ya farasi na tiba yao, fani iliyoitwa al-baytara. Abu Bakr al-Baytar alimtungia Sultani al-Nasir Muhammad bin Qalawun wa Misri, aliyefariki 741 H (1341), kitabu kikubwa cha fani hiyo. Ibn al-Nafis, aliyefariki 687 H (1288), alieleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto kwa kupitia mapafuni, kwani ukuta wa kati hauna matundu. Huyu alikuwa mwanafiqhi wa Kishafi, na Taj al-Din al-Subki amemtaja katika Tabaqat zake.

Tena ilikuwa elimu ya sokoni. Al-Shayzari, katika kitabu chake cha hisba cha zama za Salahuddin, aliwawekea matabibu wa wanyama mlango wao, akieleza kuwa kazi yao ni ngumu kuliko ya tabibu wa watu, maana mnyama hasemi panapomuuma. Na kwa kuwa hadithi imemdhaminisha anayetibu bila kujulikana kwa utabibu, wanafiqhi walimhukumu vivyo hivyo anayetibu mnyama bila ujuzi.

Kwetu, fani hii ilirudi kwa mlango mwingine. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mifugo Mpwapwa mwaka 1905. Baadaye vijana wa Afrika Mashariki walisomea shahada Kabete, Nairobi, hadi mafunzo yalipoanza Morogoro mwaka 1976, mahali palipokuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 1984. Madrasa hazikuwa na habari. Tukabaki na kisu, wao wakabaki na muhuri wa ukaguzi, na katika machinjio wawili hawa husimama mbele ya ng'ombe mmoja bila kuzungumza.

Hasara yake tuliionja. Mapema mwaka 2007, wiki chache baada ya Idi ya kuchinja, homa ya Bonde la Ufa iliingia nchini na zaidi ya watu 100 walifariki. Ugonjwa huu huenezwa na mbu, na pia kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Anayeigusa damu kabla ya wote ni mchinjaji, na wachinjaji wetu ni Waislamu. Kuharibika mimba kwa kondoo na mbuzi wengi kwa pamoja ni dalili yake kubwa, na imamu anayeijua angewaonya watu wake mimbarini kabla ya tangazo la serikali kufika.

Shahada ya udaktari wa mifugo pale Morogoro ni miaka 5, na miaka ya mwanzo ni ya anatomia na fiziolojia: mifupa, misuli, moyo, matumbo manne ya ng'ombe. Anayeitaka ashike baiolojia na kemia tangu sekondari. Kwa stashahada na cheti viko vyuo vya mifugo vya serikali, Tengeru, Mpwapwa na Morogoro. Kijana aliyesoma mlango wa kuchinja hapa Mchafukoge ataingia chumba cha anatomia akiwa tayari anazijua njia nne za shingoni kwa majina yake ya Kiarabu.