Wafu wa Ngomeni

Msafiri wa bara hushuka Mombasa akiwa na hadithi zake tayari. Amesikia habari za mwanamke mrembo wa buibui anayesimamisha gari usiku upande wa Likoni, na dereva akiinamisha macho anaona kwato mahali pa nyayo. Amesikia kwamba paka wa Mji wa Kale hafukuzwi hovyo baada ya magharibi. Amesikia pia habari za shule: wasichana walianguka darasani mmoja baada ya mwingine, wakapiga ukelele kwa sauti zisizo zao, masomo yakasimama na mashehe wakaitwa kusoma. Visa vya namna hii vimetokea katika shule za pwani zaidi ya mara moja na magazeti yameviandika. Basi haishangazi kwamba wako wageni wanaouliza wapelekwe wapi ili wakayaone majini kwa macho yao. Wengi huishia Ngomeni, yaani Fort Jesus.

Ukiwauliza wazee wa mtaa wa Kibokoni kama Fort Jesus ina mizimu, usitarajie jibu moja. Mwenye elimu ya dini atakwambia kwamba aliyekufa yuko barzakh, harudi kuzurura kwenye makuta. Kinachosikika usiku, kama kipo, ni jini, na jini ni kiumbe mwingine kabisa, mwenye kabila lake na dini yake. Lakini ukivuka kwenda kwa Wagiriama, mambo hubadilika. Huko, mzee wa chama cha Gohu akifa huweza kumjia mtu wa ukoo wake ndotoni na kudai achongewe kigango, nguzo ya kumbukumbu. Asipopata, nyumba haitulii. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa hadi Marekani, na mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalitangaza kurudisha thelathini. Kwa hesabu hiyo ya Kigiriama, wafu wa Ngomeni wana haki ya kutulalamikia, maana wengi wao hatujawachongea chochote.

Ngome yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyekuwa akiwafanyia kazi Wareno. Haikukaa miaka arobaini kabla ya damu kumwagika ndani yake. Chanzo kilikuwa mwaka 1614, Sultan Hasan wa Mombasa alipouawa kwa hila za Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, mtoto mdogo, alipelekwa huko huko Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa kutawala chini ya bendera ya waliomuua babake. Habari za Wareno wenyewe zinasema alionekana akienda kusali Kiislamu kwenye kaburi la babake. Alipojua kwamba amechongewa kwa nahodha wa Ngome, hakusubiri kukamatwa. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamuua nahodha Pedro Leitão de Gamboa, na Wareno wa mjini wakafuatia. Mimi nikipita langoni humfikiria huyu kuliko jini yeyote: kijana aliyefundishwa kumsahau babake, akashindwa.

Kisha yakaja mazingiwa. Waomani walifika Machi 1696, na Ngome haikuanguka hadi Desemba 1698. Miezi thelathini na mitatu! Ndani mlikuwa na makumi ya Wareno na mamia ya wenyeji wa pwani, wanaume, wanawake na watoto, waliokuwa upande wao. Msaada wa meli kutoka Goa ulipofika ulileta askari wapya, na askari hao nao wakaumwa na kufa. Maradhi yaliua kuliko mizinga. Oktoba 1696 alikufa nahodha João Rodrigues Leão. Agosti 1697 akafa António Mogo de Melo aliyemfuata, na hapakubaki afisa wa Kireno wa kushika amri. Aliyeishika ni Bwana Daud wa Faza, Mswahili, pamoja na jamaa zake, mpaka meli zilipokuja mwezi uliofuata. Moja ya meli hizo, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya Ngome. Wazamiaji waliichimbua kuanzia mwaka 1977, na vyombo vyake vimo katika makumbusho. Jina la meli hiyo linajulikana dunia nzima kwa wataalamu wa mambo ya kale ya baharini. Jina la Bwana Daud halijulikani hata kwa watoto wanaosoma umbali wa kutupa jiwe kutoka pale, na hilo linaniuma.

James Kirkman, aliyechimba magofu ya Gedi kuanzia mwaka 1948, aliwahi kuandika kwamba alipoanza kazi kule alihisi kuna kitu kinamtazama kutoka nyuma ya kuta. Hakikuwa na uadui wala urafiki, kilikuwa kikingoja. Mtu huyo huyo ndiye aliyekabidhiwa Fort Jesus ilipofanywa mali ya kumbukumbu ya taifa mwaka 1958. Alifukua misingi ya Wareno na ya Waomani, na sehemu ya majengo yaliyokuwa juu yake ikaondolewa. Mwaka 1960 makumbusho yakafunguliwa kwa fedha za wakfu wa Gulbenkian, wa Ureno.

Majengo yaliyoondolewa yalikuwa ya jela. Kuanzia mwaka 1895, serikali ya Kiingereza ilipochukua nchi, hadi 1958, Ngome ilikuwa gereza. Miaka sitini na mitatu ni mirefu mara nyingi kuliko mazingiwa yote iliyowahi kuyapata. Mgeni anayezunguka leo husimuliwa Wareno kwa urefu na Waomani kwa urefu, halafu jela hupitwa kwa sentensi mbili. Nadhani hapo ndipo tulipokosea. Wafungwa hao walikuwa babu zetu, na wengine walikuwa watu wa mitaa iliyo nyuma ya ukuta, waliosikia adhana ya msikiti wao wakiwa kifungoni.

Aliyefungwa humo mwaka wa mwisho akiwa na miaka ishirini sasa anakaribia tisini. Walinzi wa mwisho ni wa rika hilo hilo. Anayetaka kuwinda mizimu ya Ngomeni na aache taa yake ya kurunzi nyumbani, aje mchana na kinasa sauti, abishe hodi katika mitaa ya Kuze, Kibokoni na Majengo, aulize nyumba gani ilikuwa na mtu ndani. Afanye hivyo mwaka huu.