Popo wa mbuyuni mwenye pua ya moyo

Shimo kubwa la mbuyu katika nyika kavu huweza kuwa nyumba ya popo mdogo wa kijivu, mwenye masikio marefu na pua yenye ngozi iliyochongwa kama moyo. Wanasayansi humwita Cardioderma cor, jina linalotaja moyo mara mbili: kwa Kigiriki, kisha kwa Kilatini. Uzito wake ni kama gramu 20 hadi 35 tu. Anapatikana kuanzia Eritrea, Ethiopia na Somalia hadi Kenya na Tanzania.

Huyu hali matunda, wala hanyonyi damu. Jua likizama hutoka, akatua kwenye tawi la chini la kichaka na kutulia. Popo wengi hutafuta wadudu kwa kupiga sauti na kusikiliza mwangwi wake. Yeye hutegemea zaidi masikio: husubiri mbawakawa atambae juu ya majani makavu. Akisikia mchakacho, huruka chini, humnyakua na kurudi tawini kumla. Hata tandu na nge huliwa. Kiangazi, wadudu warukao wanapopungua, hao wa ardhini ndio humvusha.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba anaimba. Madume huimba usiku wakiwa vichakani, kila mmoja akilinda eneo lake la kuwinda, na sikio la mtu laweza kuwasikia. Watafiti wamezichunguza nyimbo hizo Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Huenda basi baadhi ya sauti zinazosingiziwa mashetani ni za huyu bwana mdogo anayegombea kichaka.

Hatari inakuja tunapowasha moto ndani ya shimo la mbuyu, kwa kurina asali au kwa hofu tu. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mara moja, kwa hiyo moshi wa siku moja unaweza kufuta uzazi wa msimu mzima katika mti huo. Na mbuyu wenye shimo la kutosha hauoti kwa miaka 10.

Akiingia nyumbani, zima taa, fungua dirisha na umwache atoke. Usimshike kwa mikono mitupu, na watoto wasimchezee akianguka, kwa sababu popo wanaweza kubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Aking'ata au kukwaruza mtu, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.