Kwa nini Benaco haikuwa Goma?

Kama umewahi kupanda gari kutoka Biharamulo kwenda Rusumo, basi Benaco umepita. Leo ni senta ya barabarani tu, malori na abiria. Lakini tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakiikimbia Rwanda, na wengi wakapiga kambi hapo, wilayani Ngara.

Julai mwaka huohuo wimbi jingine, kubwa zaidi, liliingia Goma, Zaire. Huko kipindupindu kililipuka, kikafuatiwa na kuhara damu. Ndani ya mwezi mmoja walikufa karibu watu 50,000. Benaco ilikuwa na magonjwa na vifo vyake, ila haikufikia maafa hayo. Kwa nini?

Tuanze na mdudu mwenyewe, Vibrio cholerae, bakteria wa majini. Ukimmeza, tindikali ya tumboni huua wengi, kwa hiyo kwa kawaida lazima waingie kwa idadi kubwa sana ndipo wakushinde. Wanaonusurika hung'ang'ania utumbo mwembamba na kutoa sumu. Sumu hiyo haitoboi utumbo. Inazilazimisha seli zimwage chumvi, na maji hufuata chumvi. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa, akafa siku hiyohiyo.

Sasa rudi kwenye kambi. Wakimbizi waliovuka Rusumo waliona miili ikielea mto Kagera, na ni rahisi kudhani kipindupindu hutoka kwenye maiti. Lakini wale waliuawa, hawakufa kwa kipindupindu. Wanaosambaza zaidi ni walio hai: wengi walioambukizwa hawana dalili yoyote, wanajisaidia porini kama kawaida, mvua inapeleka uchafu kwenye maji.

Ndiyo maana choo ni muhimu kuliko unavyodhani. Goma ni mwamba wa volkano, shimo halichimbiki. Watu walichota maji Ziwa Kivu yalivyo, na wiki ya kwanza maji yaliyosafishwa hayakufikia hata lita moja kwa mtu kwa siku. Ngara udongo unachimbika. Palikuwa na ziwa dogo karibu, na maji yake yakatibiwa kabla ya kugawiwa. Tena mashirika yalikuwa tayari mkoani, kwa sababu Warundi walikuwa wamekimbilia Tanzania tangu Oktoba 1993.

Kinachouma ni kwamba tiba ilishajulikana. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wakimbizi wa Bangladesh, waliokuwa India, maji yenye chumvi na glukosi, na vifo kambini vikashuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya 4. Glukosi huivuta chumvi irudi ndani ya seli, na maji yanaifuata. Hiyo ndiyo ORS unayopewa zahanati.

Miaka 23 baadaye, pakiti za ORS zilikuwepo duniani kwa mamilioni. Siku zile za kwanza Goma, maji safi ya kuzikorogea ndiyo hayakuwepo.